Jiko Moja, Nyumba Kumi

Jiko la Acom lilikaa sebuleni, juu ya stuli, limefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi kwa mkono wake mwenyewe: maua mekundu pembeni na neno KARIBU katikati. Carol, msichana wa mradi, alikiondoa kitambaa kile taratibu, akakikunja, akakiweka magotini mwake kabla ya kufungua, kwa mara ya kwanza, kifuniko kidogo cha mita. Acom aliliona hilo. Hata siku mbaya ya namna hii, mtoto wa watu hakukitupa chini kitambaa cha mwenzake.

"Sifuri, mama," Carol akasema. "Halijawashwa hata mara moja."

"Eee."

"Hili ni la tisa. Nyumba tisa, sifuri tisa. Na la Elinah limeandika namba ambayo kompyuta imeikataa. Inasema mita imekufa." Carol alikaa chini kwenye mkeka, akajifuta jasho. "Mama Acom, miezi tisa nakuja hapa Kwapa. Kila nikija naona majiko yanang'aa. Nawauliza, mnaniambia chakula cha jiko hili ni kitamu. Mlikuwa mnakula nini, mama? Maneno?"

Acom alitazama vidole vyake. Chakula kilikuwa kitamu kweli, hawakusema uongo. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa mrefu, na katikati yake palikuwa na ahadi aliyoitoa mbele ya serikali mbili, akaivunja. Akaondoka kwenda kumtilia mgeni chai.

Majiko yale yalikuja mwanzoni mwa mwaka. Serikali ya Kenya na ya Uganda zilikuwa zimekubaliana kutengeneza pamoja jiko la umeme wa jua ambalo mama wa kijijini angeweza kulitumia bila kuni wala mkaa. Sahani ya moto na nyaya zake zilitengenezwa Kenya, betri Uganda, na nchi za mbali zikaleta vyombo vya kupimia. Nyumba kumi za Kwapa, upande wa Uganda, zilichaguliwa kulijaribu, na nyumba kumi za Busia, upande wa Kenya. Kila nyumba ikapewa paneli, betri na jiko, na kwenye paji la kila jiko palibandikwa bendera mbili ndogo, ubavu kwa ubavu. Siku ya makabidhiano, chini ya turubai, Acom akiwa mwenyekiti wa akina mama wa Kwapa alitia sahihi karatasi iliyosema: nyumba moja, jiko moja. Alitia sahihi polepole, kwa herufi zake kubwa, na watu wakampigia makofi.

Wiki mbili hazijaisha, Elinah, jirani yake, akajifungua kwa upasuaji Tororo. Alirudi na mtoto wa kike, Asio, na kikohozi kilichomkunja kama jani bichi motoni. Nesi alikuwa amemwambia waziwazi: kifua hiki, mama, kikivuta tena moshi wa kuni, tutakuona hapa kila mwezi.

Sasa, mama mkwe wake Acom, Mungu amrehemu, alimfundisha jambo moja ambalo wanawake wa mtaa ule wote walilishika: jiko la mzazi halilazwi baridi. Unampikia mwenzako, lakini unampikia kwake, kwenye jiko lake. Kumletea chakula kilichopikwa kwingine ni kama kumpelekea maskini. Na kubeba jiko lako ukalitua jikoni kwake ni matusi makubwa zaidi, maana unamwambia lake halitoshi.

Basi walikuja, kila mmoja na unga wake, na mboga zake. Betri ya Elinah ilitoa moto wa saa moja na kidogo, ikaisha. Ndipo Acom alipokwenda kwake, akachomoa betri yake iliyokuwa imejaa jua bila kazi, akaibeba kichwani mpaka kwa Elinah, akaichomeka. Kesho yake jirani wa pili akaleta yake, halafu wa tatu. Betri haikuwa jiko. Hakuna aliyefundishwa kwamba kuazima betri ni matusi.

Siku arobaini zikapita, hakuna aliyeondoka. Ugali wa wimbi wa nyumba kumi ulipikwa pale, na kunde, na mchuzi wa karanga, zamu kwa zamu, kisha kila mtu akabeba sufuria yake kwake. Mtoto alipitishwa mapaja kwa mapaja. Kikohozi cha Elinah kilipungua, kikawa cha asubuhi tu, halafu hata cha asubuhi kikapotea. Majiko yale mengine tisa yalibaki sebuleni yamevalishwa vitambaa, yakipanguswa vumbi kila Jumamosi kama picha za harusi. Yalikuwa mazuri mno kuyapeleka jikoni, na kwa kweli hayakuhitajika.

Hayo yote Acom angeweza kumwambia Carol. Lakini karatasi ilisema nyumba moja, jiko moja, na sahihi ilikuwa yake.

Carol alikunywa chai yote, akashukuru. "Alhamisi kuna mkutano Busia," akasema akiwa mlangoni. "Wakubwa wa pande zote mbili watakuwepo. Mama, nisikufiche. Wanasema majiko yasiyopika yavuke mpaka, wapewe akina mama wa kule. Wao mita zao zote kumi zinasoma."

"Na la Elinah?"

"Lile lenye mita mbovu litakwenda kwanza, mama. Litatupwa."

*

Kesho yake asubuhi Elinah alimkuta Acom anapepeta wimbi. Alimwita Tata, kama Wateso wanavyomwita bibi, ingawa hawakuwa ndugu wa damu.

"Tata, nimesikia. Waambie ni mimi. Waambie nilikopa betri zenu kwa nguvu, nikawadanganya. Mimi ni mdogo, wanitukane mimi."

"Halafu?"

"Halafu wanyang'anye langu peke yake. Nyie mbaki na yenu. Mimi nitarudi kwa kuni, nimezoea."

Acom aliweka ungo chini. Alimtazama msichana huyu aliyezaliwa na mtu mwingine, aliyesimama na mtoto mgongoni akijitolea kukohoa tena ili majirani wabaki na vitu vyao. Moyo ulimjaa kiasi cha kumuuma.

"Umezoea nini? Kufa?" akasema. "Acha upuuzi. Nenda kalifute lile jiko lako, lakini usilisugue sana. Nalitaka na alama zake zote. Alhamisi nakwenda nalo Busia."

"Kufanya nini?"

"Kusema yote. Nilitia sahihi mbele ya watu, nitaikosoa mbele ya watu."

*

Carol aliwapitia kwa pikapu ya mradi. Acom alikaa mbele, jiko la Elinah mapajani, limefungwa kile kitambaa cha maua mekundu. Elinah na Asio walikaa nyuma yake. Njia nzima, kupita Tororo na jabali lake mpaka Busia, Carol alikuwa akitupia jicho kile kifurushi, lakini hakuuliza. Acom alishukuru kimoyomoyo. Kumwacha mzee akusanye maneno yake, hiyo nayo ni adabu.

Mpakani ofisa aliinama dirishani. "Mama, umebeba nini?"

"Jiko."

"Jipya? Unakwenda kuuza?"

"Jipya wapi, mwanangu. Hili limelea nyumba kumi."

Ofisa akacheka, akawapisha.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Nasirumbi, mwenyekiti wa akina mama wa Busia, Msamia mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Walijuana tangu wakiuziana samaki na mihogo sokoni, na hawakuwahi kukutana bila kuchokozana.

"Mulembe, dada wa Kwapa!" Nasirumbi akapaza sauti. "Nasikia majiko yenu yamelala usingizi wa pono. Mlikuwa mnayabembeleza?"

"Yoga, Nasirumbi," Acom akaitikia salamu kwa Kiteso. "Naona umenenepa. Mita yako siku hizi inasoma kilo?"

Nasirumbi alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akamwona Acom macho, kicheko kikakatika. "Ni mbaya kiasi hicho?" akauliza chini chini.

"Ni mbaya."

Ndani palijaa watu. Mbele walikaa wakubwa wawili wa mradi: Herbert, mhandisi kutoka Nairobi, mwenye sauti ya taratibu, na Ikwap, daktari wa mambo ya umeme kutoka wizara ya Kampala, ambaye jina lake lilikuwa la nyumbani kabisa lakini uso wake haukumpendelea mtu. Herbert aliwasha picha ukutani. Upande wa Busia zilisimama nguzo kumi za kijani. Upande wa Kwapa palikuwa na mstari mtupu, kama shamba lililokosa mvua.

"Tunapendekeza," Herbert akasema, na Acom aliona kwamba hakupenda kulisema, "vifaa vya Kwapa vihamishiwe kwa kikundi cha Busia. Kama yupo mwenye neno kutoka Kwapa, tunamkaribisha."

Acom akasimama.

"Mimi naitwa Acom. Sahihi ile ni yangu. Nyumba moja, jiko moja, nilisema ndiyo, na sikufanya. Sikuja kuomba nisamehewe kwanza. Nimekuja mjue."

Akawaeleza. Aliwaeleza juu ya upasuaji, kikohozi, maneno ya nesi, jiko la mzazi lisilolazwa baridi, betri tisa zikitembea vichwani asubuhi kama vifaranga wakimfuata mama yao. Alipofika kwenye vitambaa vya kutarizi watu walicheka, naye akangoja wamalize. Mwisho akafungua kifurushi, akaliweka jiko la Elinah mezani mbele ya wakubwa. Rangi ya kitufe ilikuwa imelika kwa vidole. Sahani ilikuwa na duara la kahawia la mchuzi wa siku nyingi. Zile bendera mbili kwenye paji zilififia, lakini zilionekana.

"Majiko tisa hayakupika, ni kweli," akasema. "Hili limepika kwa ajili yao yote."

Mtu mmoja wa safu ya mbele, aliyevaa tai, akasema bila kusimama, "Betri kumi kwa jiko moja, miezi tisa? Mita huchezewa. Tumeona mengi."

Kuvunja ahadi Acom alikubali. Kuitwa mwongo hakukutarajia.

Ndipo sauti ile ya kuita ng'ombe ikatoka nyuma.

"Naomba kusema!" Nasirumbi alikuwa amekwisha kusimama. "Mimi ndiye wa kupewa yale majiko tisa. Wanawake wangu wamekwisha kuyagawana kwa midomo, hata yule ambaye hana paa zima keshajua ataliweka wapi. Kwa hiyo mkinisikia nasema hivi, mjue nasema kwa hasara yangu. Mwezi wa nne nilivuka kwenda kumwona mtoto wa huyu binti. Nilibeba kuku. Kuku wangu amepikwa kwa jiko hilo hapo mezani. Na kabla hajapikwa, nilipanga foleni nyuma ya sufuria saba. Nilikula saa kumi alasiri! Njaa ile nitazikwa nayo. Sasa aje mtu aniambie mita imechezewa."

Kicheko kilivunja ukumbi. Yule wa tai akainamisha kichwa kwenye karatasi zake. Acom alimtazama rafiki yake ng'ambo ya vichwa vya watu, na Nasirumbi akaangalia pembeni, akijifanya anafunga kilemba.

Herbert hakucheka. Alikuwa ameshaligeuza jiko, amefungua kifuniko cha mita na kuchomeka waya wa kompyuta yake. Alisoma, akasogeza kiti, akasoma tena.

"Mita haijafa," akasema. "Sisi ndio tulioitengenezea fomu isiyokubali zaidi ya saa tano kwa siku. Hapa kuna saa kumi kwa siku. Asubuhi kumi na mbili linawashwa, na halikai nusu saa bila kazi." Akakunja uso. "Ila hapa sielewi. Saa kumi jioni mpaka saa moja, karibu kila siku, yanachemshwa maji matupu. Maji tu. Ya nini, mama?"

Acom alitazama sakafu. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekaa safu ya pili.

"Ya ajon, mwanangu," akasema. "Wanaume wakikaa na chungu cha pombe ya wimbi na mirija yao, maji moto lazima yaongezwe. Zamani tulichoma mzigo mzima wa kuni kwa kazi hiyo tu."

Safari hii hata mzee wa kanisa alicheka, tena akionekana mtu anayekijua chungu hicho vizuri.

Ikwap aliinuka akaja kusimama nyuma ya Herbert. "Jumla ni saa ngapi?"

"Elfu mbili, mia saba na arobaini."

"Na kule Entebbe mwezi wa pili tulibishana nini siku tatu nzima?"

Herbert alimtazama. "Kama sahani itafika miaka mitano."

"Kwa saa moja na nusu kwa siku. Piga hesabu."

Herbert alipiga kwenye simu yake. Akamgeuzia Ikwap simu aone. Halafu alisimama, mtu mzima mrefu yule, akamgeukia Acom.

"Mama," akasema, "nchi zetu mbili zilitengeneza jiko hili pamoja, na hakuna mmoja wetu aliyejua kama litadumu. Maabara ya Nairobi ililijaribu ikaachia njiani, ya Kampala vilevile, hatukuwa na muda. Jiko hili la Kwapa limeishi miaka mitano ndani ya miezi tisa. Na bado linawaka." Alibonyeza kitufe kilicholika. Taa nyekundu ikawaka. "Bado linawaka," akarudia, kama anayejiambia mwenyewe.

Makofi yalianzia nyuma, kwa akina mama wa Busia. Acom hakuyasikia vizuri. Alikuwa anamwangalia Elinah, aliyekuwa ameinua kamkono ka Asio akikapigisha makofi kwenye kiganja chake.

Ikwap aliinua mkono watu watulie. "Tusidanganyane," akasema. "Jaribio la nyumba kumi halikufanyika Kwapa. Sifuri ni sifuri, nitaiandika hivyo. Na kuanzia wiki ijayo nataka yale tisa yavuliwe nguo, yapike." Hapo aliangalia kile kitambaa mezani, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Lakini majiko hayahami. Na jaribio la pili, kwa pande zote mbili, litakuwa la jiko la pamoja, lenye sahani nne na betri za kubadilishana. Hilo hatukulifikiria sisi. Limefikiriwa na akina mama. Mama Acom na Mama Nasirumbi, tutawahitaji mtufundishe linavyotakiwa liwe."

"Mimi nataka lenye sahani nane," Nasirumbi akasema. "Sipangi foleni tena."

*

Jiko la Elinah halikurudi. Herbert aliomba wabaki nalo, lifunguliwe na mafundi wa nchi zote mbili, miezi mitatu Nairobi na mitatu Kampala, waone ndani yake ni nini kilichovumilia. Alimwomba Elinah, si mwingine, kwa kuwa lilikuwa lake. Elinah alimtazama Acom, Acom akaitikia kwa kichwa.

Herbert akatoa lebo ya kubandika, yenye mstari mmoja ulioandikwa *Nyumba*. "Niandike jina la nani?"

"Andika Elinah," Acom akasema. "Kisha andika tisa tuliobaki. Nitakutajia polepole."

Mstari haukutosha. Aliandika pembeni, akageuza lebo akamalizia nyuma, akiuliza kila jina linavyoandikwa, hakuruka hata moja. Acom alitaka kuondoa kitambaa chake, halafu akakiacha. Alilifunika jiko, neno KARIBU likabaki juu. Safari ilikuwa ndefu, na lilikuwa linakwenda kwa watu.

Walifika Kwapa jua bado liko juu. Majirani walikuwa wamejaa uani kwa Elinah, betri zao zimepangwa ukutani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Carol ndiye aliyewatangazia, kwa furaha iliyomfanya aanze habari mwisho akamalizia mwanzo, na vigelegele vikapanda mpaka mbuzi wakakimbia. Acom aliwaacha. Alikwenda kwake, akalichukua jiko lake juu ya stuli, akalikumbatia kifuani, akarudi nalo. Mlangoni mwa chumba cha kupikia cha Elinah alisimama.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja na jiko langu kwako. Mama mkwe wangu angenikemea. Si kwamba lako halikutosha."

"Tata," Elinah akasema, akampisha njia, "lako si lako. Ingia."

Wakalichomeka. Elinah akatia maji, Acom akashika mwiko. Unga ulipoanza kushikana, Carol aliinama kwenye mita, akacheka.

"Inasoma ngapi?" wakamuuliza wote pamoja.

"Moja," Carol akasema. "Inasoma moja, mama."